Kaburi Lililokingama

"Nani hapa ni mwenyeji wa Bukoba?"

Mwalimu Annastella aliuliza swali hilo Jumatatu, kipindi cha kwanza, kabla chaki haijampaka vidole. Darasa la Sita zima likanyoosha mikono, wengine miwili. Mkono wa Rahima peke yake, wa dawati la mbele, uliishia njiani, kama wa mtu anayetaka kusimamisha bodaboda halafu akakumbuka hana nauli.

"Rahima, huo mkono unapanda au unashuka?"

"Sijui, mwalimu. Bibi anasema sisi tulikuja."

"Hata hao wenye mikono juu walikuja," alisema Annastella. "Wao wamesahau tu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mama wa watoto wanne, mwenye diploma ya ualimu na nyumba ya matofali ya kuchoma katikati ya migomba ya Hamugembe, na hakuwa na muda wa kupaka maneno asali. Mtoto akikosea aliambiwa amekosea. Mzazi akichelewa kikao alikuta mlango umefungwa. Historia aliipenda, ila namna inavyofundishwa ilimchosha. Watoto walinakili ubaoni kwamba makabila yalihama kutafuta malisho, kana kwamba waliohama hawakuwa na majina, wala miguu ya kuchoka, wala mizigo kichwani.

Ndiyo maana alikwenda kwa Mzee Byabato, karani wa posta aliyestaafu na kuligeuza duka la zamani karibu na ziwa kuwa makumbusho madogo. Chumba kimoja kilikuwa cha zana za kilimo, kingine cha ngoma na mikuki. Cha tatu kilikuwa kitupu. Wakakubaliana kwamba kwa mwezi mzima chumba hicho kitaitwa "Waliokuja", na kila mwanafunzi ataleta kitu kimoja kilichofika Bukoba kikiwa kimebebwa na mtu wa kwao, pamoja na karatasi yenye majibu matatu: nani alikibeba, alitoka wapi, alipokelewa na nani.

"Na wewe mwenyewe, mwalimu, unaleta nini?" aliuliza Byabato.

"Pasi. Yetu sisi haikutoka mbali, lakini ina historia."

Pasi hiyo aliijua tangu utotoni. Nyumbani kwao Kamachumu, wilayani Muleba, nyuma ya nyumba, katikati ya kibanja, shamba la migomba la familia, kulikuwa na makaburi ya ukoo. Mtu wa kule hahitaji kuelezwa maana ya makaburi kibanjani. Hayo ndiyo hati. Ukiulizwa ardhi ni ya nani, unamwonyesha muulizaji alipolala babu yako, na maneno yanakwisha. Makaburi ya kwao yalikuwa sita. Matano yaliuelekea mlango wa nyumba. La sita lilikingama, kama mtu aliyelala kitandani upande usio wake, na kichwani pake palikuwa na pasi ya mkaa iliyokula kutu, ile yenye jogoo mdogo wa chuma kwenye kifungio. Kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, familia ilipeleka maua na msalaba mpya wa mti kwa wote sita bila ubaguzi.

"Huyo ni babu yenu mdogo, Wilbert," baba yake, Mzee Lwakatare, alizoea kuwaambia. "Mdogo wake baba yangu Aristides. Alikuwa dobi wa Wajerumani. Pasi msiiguse."

Basi Jumamosi Annastella akaenda Kamachumu kuichukua.

"Pasi haiondoki," alisema Mzee Lwakatare.

"Tata, ni mwezi mmoja tu. Nitairudisha kwa mkono wangu."

"Wewe umeolewa Hamugembe. Peleka makumbusho pasi ya Hamugembe."

Alikuwa na miaka themanini na sita na alitembea kwa fimbo, lakini akikataa alikataa kama kijana. Annastella aliijua hapana hiyo. Hata yeye alikuwa ameirithi. Akasubiri mzee aingie ndani kutafuta miwani, akapiga picha tatu kwa simu.

Byabato akaitengeneza picha moja kubwa, akaitia kwenye fremu ya kioo. Alipokuwa anaandika maelezo yake akainua kalamu.

"Huyu Aristides alizaliwa lini?"

"Kama mwaka elfu moja mia tisa na kumi."

"Na Wilbert ni mdogo wake."

"Ndiyo."

"Wajerumani waliondoka Bukoba mwaka wa kumi na sita. Alikuwa dobi akiwa na umri gani? Miaka mitatu?"

Annastella alikuwa amefundisha historia miaka kumi na saba. Hesabu hiyo hakuwahi kuipiga. "Tundika picha, mzee," alisema. "Watoto wanakuja."

Watoto wakaja, na vitu vikaja. Evarist, ambaye darasani hakujua kusema kwa sauti ya chini, aliingia amekumbatia jembe lililokwisha hadi kubaki kama kijiko. Babu yake mkubwa alitoka nalo Burundi kwa miguu kuja kulima mashamba ya kahawa ya watu. Mwingine alileta rozari iliyovuka mpaka kutoka Rwanda ndani ya unga wa mtama. Mwingine sufuria ya shaba ya Uganda, mwingine saa ya ukutani ambayo Mhindi mwenye duka alimwachia karani wake. Vitu vilipopangwa mezani, kila kimoja na karatasi yake, kelele zikaisha zenyewe. Watoto walitembea kwa ncha za vidole vya miguu. Annastella alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alikosa la kumkemea mtu. Meza moja, na dunia yote ile imefika hapa kwa miguu!

Rahima alifika mwisho, na hakuwa peke yake. Alimshika mkono bibi yake, Bibi Zabibu, mwanamke mfupi aliyejitanda kanga, na nyuma yao mwendesha bodaboda alibeba mzigo uliofungwa kwa lubugo, ile nguo nyekundu ya gome la mti.

"Shikamoo, bibi," alisema Annastella.

"Marahaba, mwalimu. Mtoto kaniambia mnataka kitu kilichobebwa. Hiki kimebebwa mara mbili."

Akafungua lubugo mwenyewe. Ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefifia.

"Ya baba yangu, Burhani, fundi wa Pangani," alisema Bibi Zabibu, na watoto wakasogea. "Alikuja nayo kwa treni mpaka Mwanza, kwa meli mpaka hapa. Alikuwa akishona kanzu. Lakini wenye kahawa walikuwa vijijini, kwa hiyo msimu ukifika alijitwika cherehani akaenda Muleba, akashona kwenye baraza za watu miezi mitatu, ndipo arudi. Mwaka niliozaliwa mimi hakurudi. Ilirudi cherehani. Mtu asiyejulikana aliiacha mlangoni pa msikiti asubuhi moja, imefungwa lubugo hili hili, na ndani mmejaa buni kavu za kahawa. Barua hakuna. Jina hakuna."

Evarist alikuwa anaifuata karatasi ya maswali kwa kidole. "Bibi, la tatu. Alipokelewa na nani?"

"Hilo ndilo sijui, mjukuu wangu. Nina miaka sabini na tisa. Kila niliyesikia katoka Muleba nimemuuliza. Nikioneshwa kaburi la baba yangu kabla sijaingia langu, sitamwomba Mungu kingine." Akapapasa gurudumu la cherehani. "Kulikuwa na pasi pia. Ya mkaa. Marehemu mama alisema ilikuwa na jogoo. Hiyo haikurudi."

Vichwa vyote vya Darasa la Sita viligeuka ukutani kwa pamoja, kama majani upepo unapopita.

Bibi Zabibu akafuata macho yao. Aliikaribia picha mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Pasi hakuitazama sana. Alitazama kaburi.

"Mwalimu, hapa mahali, ziwa liko upande gani?"

Annastella akaonyesha kulia kwa picha.

"Na hapa penye pasi ndipo kichwani?"

"Ndipo."

"Basi kichwa kiko mashariki. Alale ubavu wa kulia, uso unatazama kaskazini." Bibi Zabibu aliweka kiganja chote juu ya kioo. "Hiyo kwetu huku ndiyo kibla. Mtu huyu amezikwa na aliyejua anachofanya. Tena mmemsimikia msalaba!"

Annastella akaisogelea picha. Mara ngapi alikuwa amepiga magoti pale na mshumaa mkononi, akimwombea babu Wilbert apumzike kwa amani?

Jioni hiyo alipiga simu Kamachumu. Hakuanza na habari za mifugo.

"Tata, babu Wilbert alikuwa Mwislamu?"

Alisikia kuku, na mtoto wa kaka yake akilia mbali. Kisha: "Nani anauliza?"

"Binti yake."

Simu ikakatwa. Akapiga tena.

"Unajua kaburi ni nini, Anna," alisema Mzee Lwakatare. "Ukitangaza kwamba lile si letu, umetangaza kwamba pale si petu. Watakuja wajukuu, watakuja mawakili. Watoto wa kaka yako watalima wapi? Baba aliniachia pale kwa kiapo."

"Kiapo cha kudanganya?"

"Cha kumtunza."

Ikakatwa tena, na mara hii Annastella hakurudia. Alikaa jikoni na sufuria ya ndizi ikaanza kuungua bila yeye kunusa. Hofu ya baba yake haikuwa ya kizee. Kesi za vibanja alizijua, alikuwa amezishuhudia zikiwala ndugu wa tumbo moja. Lakini kesi, kama itakuja, inaweza kusubiri. Mtu wa miaka sabini na tisa hawezi. Akaipua ndizi, akampigia Byabato kuuliza kama gari lake lina mafuta.

Jumamosi wakapita Kemondo, wakapanda kilima cha Kamachumu, Byabato akiendesha, Rahima na bibi yake nyuma. Mzee Lwakatare alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema karibu. Hakusema ondokeni. Alimtazama Bibi Zabibu muda mrefu, kisha mikono yake ikafanya kile ambacho mikono ya Mhaya hufanya mgeni akikanyaga uwanja hata kama moyo hautaki: ikaingia ndani, ikatoka na kikapu kidogo chenye buni kavu zilizochemshwa. Mgeni unaweza kumnyima maneno. Kahawa humnyimi.

Bibi Zabibu akachukua moja, akaiweka mdomoni, akatafuna polepole kwa meno aliyobakiwa nayo.

"Umekuja kuchukua nini?" aliuliza Mzee Lwakatare.

"Tata!" Annastella alishtuka.

"Mwache aulize, kwake ni kwake," alisema Bibi Zabibu. "Kaka yangu, mimi hata ukinipa mkungu mmoja wa ndizi siwezi kuubeba. Nimekuja kumwamkia baba. Nina miaka sabini na tisa na sijawahi kumwambia shikamoo."

Mzee Lwakatare akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha, akaizungusha tena.

"Anna," alisema mwishowe, "lete fimbo yangu."

Walipita chini ya migomba, juu ya majani makavu yaliyotandazwa, na mzee alisimulia akitembea, kwa sababu ni rahisi kusema jambo zito ukiwa unatazama mbele.

"Baba yangu na fundi walipendana. Wakataka kufanya omukago, undugu wa kuchanjana. Mnachanjwa tumboni, punje ya kahawa inapakwa damu yako, mwenzako anaimeza, na wewe ya kwake. Fundi akasema, ndugu yangu, dini yangu hainiruhusu kula damu. Baba akasema, basi tutakula kahawa tupu. Wakapasua buni moja. Ndani mna punje mbili. Huyu moja, yule moja. Ukoo mzima ukawacheka, undugu gani usio na damu! Siku nyingine fundi akashikwa na homa hapa barazani petu, akafa. Wazee wakasema apelekwe rweya, kule nyikani kwa watu wasio na kibanja, maana hakuna damu, hakuna undugu. Baba akasema, aliyekula punje yangu halali rweya. Akachimba peke yake. Hakuna aliyemsaidia. Mimi nilikuwa na miaka saba, nilimchotea maji ya kunywa. Fundi alikuwa amemchorea mstari chini kwa mkasi kabla hajafa: nilale hivi, uso wangu uelekee huku. Baba aliufuata mstari ule kwa kamba."

"Na jina la Wilbert?" aliuliza Annastella.

"Mdogo wake baba aliyekufa mchanga. Ukoo ulikubali alale hapa kwa sharti moja, awe wetu, kwa jina letu, na lile jingine lisitamkwe. Cherehani baba aliibeba siku mbili kwa miguu mpaka mjini. Angebisha hodi wangemuuliza mtu wetu yuko wapi, na baba hakujua kudanganya ana kwa ana. Akaiweka akakimbia. Alilia njia nzima, alinisimulia mwenyewe alipokuwa anakata roho."

"Na dobi wa Wajerumani?"

"Hilo niliongeza mimi. Mlikuwa mnauliza mno."

Bibi Zabibu alicheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kitu kingine, Rahima akamshika kiuno. Walikuwa wamefika.

Picha haikuwa imeonyesha ukubwa wa mahali pale. Migomba ilikuwa imeachwa mbali na lile kaburi moja kuliko mengine, na mwanga ulishuka juu yake wima. Mstari wake ulikata ule wa makaburi matano bila kuyumba hata kidogo. Annastella alikuwa ameuona maisha yake yote na kudhani ni uzembe wa mchimbaji. Sasa aliona kamba, aliona mtu mmoja ndani ya shimo, mkaidi kama baba yake na kama yeye, akichimba kwa imani isiyo yake kuelekea mji ambao hakujua hata uko wapi.

Bibi Zabibu alikaa chini, upande wa uso. Akainua viganja, akasoma Al-Fatiha, na Rahima akasoma naye. Mzee Lwakatare na Byabato walisimama vichwa wazi. Alipomaliza, bibi akaweka mkono juu ya udongo.

"Shikamoo, baba," alisema.

Annastella aliona midomo ya bibi ikisubiri, kama ya mtoto, jambo ambalo haliwezi kuja.

"Marahaba," alisema Mzee Lwakatare. Akasogea hatua moja. "Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye ninayesimama mahali pa baba yangu, na mahali pa baba yangu ni mahali pake. Karibu nyumbani."

Rahima ndiye aliyenong'ona. "Bibi, na msalaba? Tuung'oe?"

"Uache uoze wenyewe," alisema Bibi Zabibu akijifuta kwa ncha ya kanga. "Uliwekwa kwa mapenzi. Novemba wasiweke mwingine, basi. Mimi namtafuta miaka yote hiyo sijui pa kusimama, kumbe wenzangu wamemwombea kila mwaka. Wangapi wanaombewa hivyo?"

Akanyoosha mkono kwa pasi. Annastella alitazama kama baba yake atakataza, na hakukataza. Kidole cha bibi kikamsukuma yule jogoo wa chuma, na jogoo, badala ya kugoma kwa kutu, akageuka kirahisi, kama kitu kinachofunguliwa mara kwa mara. Kifuniko kikainuka.

Ndani palikuwa na kahawa. Juu buni za misimu ya karibuni, kavu, bado zina wekundu. Chini yake nyeusi. Chini zaidi ganda na vumbi. Na kwenye kitako, pale ambapo makaa yalikaa zamani, tope jeusi laini lisilo tena na umbo.

"Buni moja kila mavuno," alisema Mzee Lwakatare, akitazama pembeni kama mtu aliyefumaniwa. "Baba aliweka mpaka alipokufa. Kisha mimi. Ndiyo sababu nilisema haiondoki."

Byabato alikuwa ametoa daftari lake dogo ili aandike, akalirudisha mfukoni. Annastella alihesabu kichwani, na safari hii hesabu haikumpa aibu. Ilimfanya apige magoti. Mavuno sabini na tisa. Alikuwa amesimama mbele ya watoto miaka kumi na saba akiwaambia historia iko vitabuni na kwenye vyumba vyenye meza.

Mzee Lwakatare aliinama kwa shida, akachukua buni ya juu kabisa. Akaipasua kwa kucha za vidole gumba. Punje mbili zikatoka, zimegusana matumbo bapa. Moja akampa Bibi Zabibu.

"Kahawa tupu," alisema.

"Kahawa tupu," alijibu bibi, akaila.

Walipokuwa wanarudi garini, Byabato akamvuta Annastella pembeni. "Ile picha ukutani. Yale maelezo nimeyafuta. Jumatatu watoto wanarudi, niandike nini?"

Annastella akafungua mdomo kama kawaida yake, mwenye jibu kwa kila swali. Akaufunga. Akageuka kwa baba yake.

Mzee Lwakatare alikuwa anamsaidia Bibi Zabibu kupanda gari, kikapu cha buni amemwekea mapajani. Alisikia swali, akafikiri, akauegemea mlango.

"Andika Burhani, fundi cherehani, mtu wa Pangani," alisema. "Halafu andika, amelala kwake."